Mimba ya Lango

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na tano, Obeid fundi bati alifunga mfuko wa nyundo nyuma ya baiskeli, akamuaga mkewe Nuria, akatoka mtaa wa Bondeni, mjini, kuelekea Lanet. Njiani alisimamishwa mara mbili. Askari wa kwanza alitaka kujua kwa nini mfuko umetuna. Wa pili alimvua kofia, akaichungulia ndani, akamrudishia. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na chochote kilichotokeza juu ya mtu mweusi kilikuwa na kesi ya kujibu. Obeid alikuwa na pua ndefu, akamshukuru Mungu kwamba hiyo hawakuifungua.

Alikuwa ameitwa katika shamba la mahindi lililojulikana kama Kwa Maramoja. Mwenye shamba, Mzungu mrefu wa shingo nyekundu, alikuwa na jina lake la kanisani, lakini kila alichokitaka alikitaka maramoja, na watu wakamwita hivyo mpaka akaitika. Obeid alilijua lango la shamba hilo kwa kuwa alilifunga yeye mwenyewe miaka minne nyuma: fremu ya mabomba, mabati mapana, komeo la kufungia kwa ndani. Sasa upande wa kulia, kwa ndani, kwenye usawa wa kiuno cha mwanamke, bati lilikuwa limetoa kivimbe cha ukubwa wa ndimu.

"Wewe fundi, hii lango iko na kitu," Maramoja alisema. "Toa maramoja."

Obeid akapapasa. Bati lilikuwa na uvuguvugu, na jua lilikuwa bado halijalifikia. Akashika nyundo ya ratili mbili, akaweka kipande cha mti nyuma, akagonga. Kivimbe kikalala. Alipokuwa akifuta jasho kikainuka tena. Akagonga mara ya pili, kikalala, kikainuka. Mara ya tatu kilirudi kimekuwa chungwa. Bawabu wa lango, Mzee Kiprugut, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake hatua tatu kutoka pale, na muda wote huo alitazama tangi la maji.

Saa sita wanawake walitoka kupanda shambani wakaja kunywa maji. Mmoja wao, mwembamba, shuka limefika kidevuni, alisimama kando ya Obeid.

"Fundi, usigonge hapo," alisema.

"Kwa nini, mama?"

Mwanamke alimtupia jicho Mzee Kiprugut, akajifunika uso, akaenda zake. Huyo alikuwa Cheptanui, mke wa mkamuaji wa ng'ombe wa shamba.

Habari yenyewe Obeid aliipata kwa Kemboi, karani wa shamba, walipokaa kivulini kula. Kemboi aliisimulia huku akitafuna muhogo, na alipoimaliza muhogo ulikuwa umemshinda.

Mwezi wa kwanza ndio mwezi wa kupukuchua mahindi. Maramoja alikuwa ameweka amri kwamba jioni, wanawake wakitoka ghalani, kila kitu kinachotokeza nguoni kiulizwe. Bawabu aulize kwa mdomo, mwenyewe ajibu kwa mdomo, karani aandike. Asiyejibu sawasawa angoje mpaka bwana arudi. Siku hiyo bwana alikuwa mjini kilabuni. Saa tisa Cheptanui alitoka ghalani mapema kwa sababu uchungu ulikuwa umeanza, akafika langoni, tumbo mbele.

Sasa Mzee Kiprugut alikuwa rika moja na baba mkwe wa Cheptanui, na kwa mila yao hiyo inatosha kumfanya naye baba mkwe. Mke wa kijana hamtazami baba mkwe usoni, wala jambo la tumbo lake halitaji mbele yake hata kwa fumbo. Na mzee vilevile. Macho anayo, anaona, lakini ulimi umefungwa. Ni heshima, na heshima hiyo iliwalea watu kwa amani miaka mingi kabla Maramoja hajaja na lango lake.

"Ni nini hicho?" Mzee Kiprugut aliuliza, akitazama tangi la maji.

"Si kitu," Cheptanui alijibu, akitazama chini.

Wote wawili walijua. Foleni nzima iliyokuja nyuma yake ilijua. Mama mmoja wa Kakamega, asiye na mkwe pale, alipiga ukelele, "Jamani, huyu ana mimba, mnamngojesha nini?" Kemboi akamwambia amri inasema mwenyewe ndiye ajibu. Akaandika: kitu kimetokeza kiunoni, mwenyewe asema si kitu. Gari la pili la shamba lilikuwa limesimama hatua ishirini kutoka pale, dereva yumo ndani amesinzia, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwamsha. Cheptanui alipozidiwa alilikumbatia lango, akalibana kwa tumbo, maana hapakuwa na kingine cha kushika. Alizaa saa kumi na mbili kasoro juu ya magunia. Mtoto wa kiume, hakulia. Maramoja aliporudi alisema shamba si mahali pa kufia watu, akaamuru mtoto atiwe kwenye gunia akazikwe huko nje, na Kemboi akamwondoa kabla mama hajamwona uso.

"Ulimpeleka wewe?" Obeid aliuliza.

"Mimi ni karani tu," Kemboi alisema.

"Nimekuuliza kama ulimpeleka wewe."

Kemboi akauweka muhogo chini. Lakini mambo hayakuishia hapo. Kwenye karatasi ya siku ile Maramoja aliongeza kwa mkono wake: ameshukiwa wizi wa mahindi. Kwa neno hilo mumewe Cheptanui alikatiwa kandarasi. Mwisho wa mwezi wa kumi, mavuno yakianza, wawe wametoka na ng'ombe wao wanne na kila kilicho chao, waende wanakokujua wenyewe. Tangu hapo Cheptanui alikuwa akienda kwa Kemboi kila Jumamosi na ombi moja tu, kwamba karatasi iandikwe kilichokuwa tumboni mwake. Ikiandikwa mimba, hakuna wizi. Pasipo wizi hakuna kufukuzwa. Mtoto wa chekechea angelielewa hilo. Kemboi alikuwa akimjibu kwamba karatasi ikishatiwa sahihi imetiwa sahihi.

Obeid alirudi mjini na nyundo zake, na lango likaendelea.

Mwezi wa nne kivimbe kilikuwa bakuli. Mwezi wa tano mvua zilipokaza, mke wa Maramoja alilihurumia bati akaamuru lifunikwe gunia wakati wa baridi. Wanawake wa shamba walizoea kulipaka samli wakipita asubuhi, kidole kimoja kimoja, bila kusema neno. Mzee Kiprugut alihamisha kigoda chake hadi upande wa pili, akakaa amelipa mgongo, kama inavyompasa mtu mwenye adabu zake. Maramoja alimwita Obeid mara mbili zaidi, na mara mbili zaidi Obeid akagonga, kwa kuwa kazi ni kazi. Usiku hakupata usingizi. Mwezi wa sita akamweleza mkewe.

Nuria alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa Bondeni walipita mikononi mwake, na hakuna jambo la tumbo lililomkosesha usingizi. Alipanda nyuma ya baiskeli mpaka Lanet, akavua viatu, akaweka viganja juu ya bati, akakandamiza kidogo chini, kidogo juu. Kisha akaweka sikio.

"Miezi mitano," alisema. "Kichwa bado kiko juu."

"Mimi nimeligonga, Nuria."

"Umegonga mara ngapi?"

"Kila nilipoitwa."

"Yaani wewe mtu mzima na ndevu zako unakwenda kupiga mimba ya watu kwa nyundo ya ratili mbili? Mwogope Mungu, Obeid! Na hata kunishauri hukunishauri." Akavaa viatu. "Mwambie mwenye lango asilibamize."

Lakini mwezi wa saba lango halikuweza tena kufungwa, libamizwe au libembelezwe. Tumbo lilipigana na mwimo. Na sheria ya wakati ule ilitaka kila shamba liwe limefungwa ikifika saa kumi na mbili. Afisa wa usalama alipita, akaona mwanya, akataka maelezo kwa maandishi. Basi Maramoja akaketi barazani na Kemboi na kalamu, akamwita Obeid asimame mbele yao aseme ni nini, kisha atie sahihi.

"Niandike uvimbe?" Kemboi aliuliza.

"Uvimbe ni wa nyama," Obeid alisema. Alikuwa mtu wa kupenda maneno ya kazi yake, na siku hiyo hasira ilimfanya ayapange polepole. "Bati lina yake. Kikiwa kama punje ni kipele. Kikizidi hapo ni kinundu. Bati likipindwa na jua, limebenuka. Msumari ukitokea upande wa pili, umechomoza. Debe lenye kitu kilichochacha ndani, hilo limefura. Hata kwa watu ni hivyo hivyo. Wa shingoni ana rovu, wa mgongoni ana kibyongo, mwenye mashavu yamejaa hewa amefutuka. Kila kinachotokeza kina jina lake, bwana karani. Mungu hakutunyima maneno."

"Na hili?"

"Hili ni mimba."

Kemboi akaweka kalamu chini. Mke wa Maramoja akatoa kichwa dirishani asikie vizuri.

"Chuma hapana zaa mtoto," Maramoja alisema.

"Mimi pia nilifikiri hivyo, bwana. Mke wangu amepima. Ni miezi sita sasa."

"Andika jua. Jua kali, bati nakwisha haribika. Wewe weka sahihi."

"Bwana, andika mimba kwa lango, halafu uchukue na ile karatasi ya mwezi wa kwanza uandike mimba kwa yule mama. Nitatia sahihi zote mbili, hata tatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Maramoja alielewa. Asidhani mtu kwamba hakuelewa. Alielewa upesi kuliko Kemboi, akawa mwekundu shingo hadi masikio. Akiandika kwamba lango lake limeshika mimba, itabidi aseme limeitoa wapi. Akamwambia Kemboi asome ile karatasi ya zamani kwa sauti. Kemboi akaisoma, "Mwenyewe asema si kitu."

"Wewe nasikia? Yeye alisema. Mimi hapana sema. Mama yake nasema si kitu, mimi naandika si kitu."

Kuna uongo wa mtu mwongo, huo umezoeleka. Lakini huyu alikuwa amechukua adabu ya mwanamke, akaikunja vizuri, akamchapia nayo. Obeid akasema hatii sahihi. Akaambiwa basi asikanyage tena shamba lile, na kibali chake cha kutembea na vyombo vya chuma kitaangaliwa upya. Akasema kiangaliwe. Kemboi akatia sahihi kwa niaba ya fundi, na afisa wa usalama akaridhika na jua.

Cheptanui alimngoja njiani, penye miti ya mikakaya.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Wameandika?"

"Wameandika jua."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni mwezi wa kumi," alisema. "Nitaanza kufunga mizigo." Obeid alitaka kumwomba radhi kwa ile nyundo, lakini maneno yalimwisha, na alipoyapata alikuwa ameshafika mjini.

Tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, lango lilianza kuguna. Mabomba ya fremu yalijikaza, yakalegea, yakajikaza. Mke wa Maramoja akakimbia nje na taulo. Na hapa nataka msikilizaji atege sikio. Maramoja, yule yule, alipiga simu mjini kwa daktari wa ng'ombe. Maramoja, yule yule, alimwamsha dereva kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka Bondeni mbio amlete mkunga, na akasema amlete na fundi pia, asije mtu akavunja fremu. Gari lilikwenda na kurudi kwa nusu saa. Kazi ilisimamishwa shamba zima. Ng'ombe walifungiwa ili wasipige kelele. Lango la bati lilipata gari, daktari, mkunga, maji ya moto na shuka mbili nyeupe. Hesabu mwenyewe Cheptanui alipata nini.

Nuria alipiga magoti kwenye vumbi, akamtuma Obeid ashike fremu isiyumbe.

"Cheptanui yuko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwake," Kemboi alisema. "Amepigwa marufuku kufika hapa leo."

"Kamlete. Au nanyanyuka, mlizalishe wenyewe."

Kemboi alimtazama Maramoja, Maramoja akamtazama daktari wa ng'ombe, na daktari wa ng'ombe, ambaye alikuwa mtu wa kazi, akasema mkunga asikilizwe. Cheptanui akaletwa. Alisimama mahali pale pale, akaweka viganja juu ya bati, na kila lango lilipoguna naye aliuma meno. Mzee Kiprugut alikuwa amejifunika kichwa kwa koti lake kwenye kigoda.

Saa kumi na mbili kasoro bati lilifunguka kwenye mshono, Nuria akapokea. Mtoto wa kiume. Viungo vyote vilikuwa kamili, ngozi ya kawaida, nywele nyingi. Hakulia. Nuria alimwosha kwa maji ya moto ya Maramoja, akamkausha kwa taulo la mke wa Maramoja.

"Huyu alikufa zamani, mwanangu," alimwambia Cheptanui. "Ni wa mwezi wa kwanza. Lakini ni wako, mtazame."

Cheptanui akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu sana, masikio, vidole, nyayo, kila kitu ambacho hakuachiwa kukiona, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata mwenye jina la haraka. Nyuma ya Obeid mshono wa bati ulijifunga wenyewe. Lango likawa bapa kama siku bati lake lilipotoka dukani.

Maramoja alilisukuma, likafunga bila kelele. Akalifungua, akalifunga tena. Akampiga Obeid begani.

"Kazi mzuri, fundi," alisema.

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja, mkamuaji na mkewe walifika langoni na ng'ombe wanne, sufuria, ngozi za kulalia na kuku watatu. Obeid na Nuria walikuwa wamekuja kuwasindikiza, wamesimama upande wa barabara. Cheptanui alikuwa amembeba mtoto kifuani ndani ya shuka, ampeleke akamzike kwa babu zake, kwani katika shamba lile hakutaka kuacha hata kucha. Shuka lilikuwa limetokeza. Kemboi alikuwa amekaa na kalamu. Mzee Kiprugut akasimama, akatazama tangi la maji.

"Uliza," Maramoja aliamuru kutoka barazani.

"Ni nini hicho?" mzee aliuliza.

Cheptanui akainua uso. Akamtazama baba mkwe machoni, jambo ambalo mama yake angelia kuliona.

"Ni mtoto," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani. "Nilikuwa na mimba, baba, na wewe ulijua. Nilikuwa na mimba, na huyu ndiye aliyekuwa tumboni, na mmemuua hapa."

Mzee Kiprugut alivua kofia ya kazi. "Nilijua," alisema. "Nilijua, mwanangu."

"Haya!" Maramoja alisema, akigeukia Kemboi na mikono imetandazwa, kama mtu aliyedhulumiwa. "Leo nasema. Kwa nini hapana sema ile siku?"

Wakapita. Ng'ombe wakafuata. Kemboi hakuandika kitu, kwa maana aliyekwisha kufukuzwa hana safu yake kwenye kitabu. Mumewe Cheptanui hakugeuka nyuma. Cheptanui aligeuka mara moja, akamwinamia Nuria kichwa, na Obeid akapewa sehemu yake ndogo ya salamu hiyo, akaichukua ingawa hakuona kama anaistahili.

Juma lililofuata Maramoja alimtuma dereva Bondeni na mchoro. Alikuwa amejifunza, alisema, na hakutaka tena mambo ya kuulizana maswali ya aibu kati ya wakwe. Alitaka mlango wa pili kando ya lango, wa wanawake, wenye upana wa kupita mtu mwembamba na si zaidi. Apitaye amepita. Akwamaye angoje kando mpaka bwana aje, na hakuna mtu atakayemgusa wala kumuuliza. Obeid aliupasua mchoro mbele ya dereva, akampa vipande arudishe. Kibali chake kilifutwa siku ya tatu. Tangu hapo alikaa nyumbani akitengeneza vibatari na mabirika.

Mlango ulitengenezwa na fundi mwingine wa mjini, kwa siku mbili, na wenye macho wanasema ni kazi safi, imenyooka.

Mwezi wa kwanza uliporudi, Obeid alipita barabarani akienda Elmenteita kwenye mazishi. Ilikuwa saa kumi na moja. Wanawake walikuwa wakitoka ghalani, mmoja mmoja, ubavu ubavu, kupitia mlango mwembamba. Wajawazito watano walikuwa wamesimama kando kwenye jua, mikono imeshika viuno, wakingoja Maramoja arudi kutoka mjini.